Mwiko wa Kwao

Wiki iliyopita tulimwacha Fundi mbele ya Mama Malkia, mkono mmoja ndani ya mkoba, ukumbi mzima kimya. "Haya, binti, toa mwiko wa kwenu," Mama Malkia alikuwa amesema. Nikawaacha hapo hapo, nanyi mmenisema wiki nzima. Mama mmoja mwenye duka la vitambaa ameniandikia kwamba alimkatia mteja mita tatu badala ya mbili kwa kuwaza mkobani mna nini. Pole sana, mama. Shika mkasi vizuri, tunaendelea.

Fundi akatoa mwiko.

Mwiko kweli kweli. Mwiko wa mwashi, wa chuma, ncha imelika kwa kazi, mpini umezungushiwa kitambaa ambacho zamani kilikuwa cha buluu. Akauweka juu ya meza ya kioo kwa mikono miwili, kwa adabu zote, kando ya kikombe cha chai cha Mama Malkia. Chembe mbili za saruji kavu zikadondoka kwenye kisahani.

"Hiki ni nini?" akauliza Shangazi Mkuu.

"Mwiko, Shangazi. Wa kwetu. Ulikuwa wa babu, akamwachia baba. Nimeusugua tangu alfajiri. Hizo chembe mbili ndizo zilizogoma."

Shangazi Mkuu, dada wa marehemu Mfalme, ni mwanamke ambaye hajawahi kuolewa wala kukubali kwamba amekosea. Akaufungua mdomo aseme neno, macho yakatua kwenye ule mpini, mdomo ukajifunga wenyewe. Akautazama mwiko kwa muda mrefu kuliko hasira inavyohitaji. Kisha akakumbuka kwamba amekasirika.

"Wifi," akamwambia Mama Malkia, "tumetukanwa. Chuma cha ujenzi mezani!"

Kwa aliyeanza kusoma leo, nimweleze haraka. Fundi ni mwashi, binti wa mwashi. Miezi minne iliyopita aliitwa kasrini kukarabati ukuta wa stoo. Siku ya kwanza akamkuta kijana amejaa vumbi, anapanga mifuko ya simenti juu ya sakafu tupu. Akamfokea: "Wewe wa stoo, nani kakufundisha? Simenti inavuta unyevu! Tandika mbao chini, panga upya yote!" Kijana akapanga upya yote, mifuko sitini, jasho likimtoka, bila kujitetea hata kwa neno. Jioni alikuwa hoi kwa mgongo na hoi kwa mapenzi. Fundi alipokuja kuambiwa kwamba yule ni mtoto pekee wa marehemu Mfalme, alikuwa ameshamzoea kwa jina la Stoo. Na Stoo ndilo jina lake mpaka leo.

Saa hiyo Stoo alikuwa amekaa kulia kwa mama yake, ndani ya koti jeupe la sherehe, ameuma midomo. Mabega yalimtikisika.

"Mwiko!" Sauti hiyo ilitoka kwa Kamusi.

Kamusi ni mtunza itifaki wa kasri, mwembamba, mrefu, kalamu tatu mfukoni. Wapishi walimpa jina hilo kwa sababu hawezi kusikia neno likapita bila kulisahihisha.

"Mwiko, binti! Jambo ambalo ukoo wenu haulifanyi! Jambo mlilokatazwa na wazee! Kila anayeolewa katika nyumba hii hutaja mwiko wa kwao. Si... si hiki kijiko cha udongo!"

"Si kijiko," akasema Fundi. "Ni mwiko."

"Najua ni mwiko!"

"Basi tumeelewana."

Stoo akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Fundi akachomoa barua mkobani, akaikunjua.

"Mama Malkia, barua hii hapa. 'Mchumba afike ukumbini kabla ya saa sita mchana, akiwa na mwiko wa kwao.' Akiwa nao. Haikusema autaje. Nimefika, ninao."

Mama Malkia akapokea barua, akaisoma, akairudia. Ni mama wa maneno machache, na uso wake hausomeki kirahisi.

"Nani aliandika hii?"

Kamusi akameza mate. "Mimi, Mama Malkia."

"Wewe uliyenirudishia hotuba yangu kwa sababu ya mkato mmoja?"

"Ndiyo, Mama Malkia."

"Ahaa," akasema Mama Malkia, akanywa chai.

Fundi akapumua. Mapema mno! Shangazi Mkuu akainuka, fimbo yake ikagonga sakafu.

"Kosa la barua halifuti sheria. Mwiko wa tatu wa nyumba hii unasemaje, Kamusi?"

Kamusi hakuhitaji kitabu. "Mchumba asiyetaja mwiko wa kwao kabla ya kengele ya saa sita, uchumba wake umekufa. Haufufuliwi."

"Na saa hizi?"

Kamusi akatazama saa yake. "Saa sita kasoro dakika kumi na mbili."

Ukumbi ukapoa. Stoo aliacha kucheka. Kengele ikimkuta kimya, Fundi ataondoka na mwiko wake mkononi, na Stoo ataozwa binti wa balozi aliyechaguliwa na Shangazi Mkuu, msichana mzuri tu, anayejua kula chungwa kwa uma na kisu. Fundi alimpenda Stoo. Alimpenda kwa jinsi alivyopanga ile mifuko sitini bila kununa, na siku zote alisema mwanamume asiyenuna akikosolewa ni adimu kuliko mchanga safi.

Tena alikuwa amejitahidi, maskini! Wiki mbili nzima amekuwa akikariri miiko arobaini ya kasri. Usipige mluzi koridoni. Usikae kabla Mama Malkia hajakaa. Usimshukuru mtumishi mara mbili, atadhani umemdharau. Alipofika mwiko wa tisa, "Nyumba moja haiunganishwi na nyumba yetu kwa ndoa mbili," alicheka mpaka akaangusha kitabu. "Huu haunihusu," alimwambia Stoo. "Kwetu tuko wawili tu tangu mama afariki, mimi na baba. Labda baba naye aolewe huku!" Stoo naye alicheka sana. Shikeni hapo.

Miiko ya watu aliijua yote. Wa kwao hakuujua.

"Sema chochote," Stoo akanong'ona. "Sema hamli bata."

"Tunakula bata."

"Sema hampigi mluzi ndani."

"Baba anapiga mluzi hata akiwa amelala."

"Wa kubuni haukubaliki," akasema Shangazi Mkuu, ambaye masikio yake hayajazeeka hata kidogo. "Lazima uthibitishwe na mzee wa ukoo."

"Mzee wa ukoo ninaye," akasema Fundi. Akatoa simu.

"Simu ukumbini ni mwiko wa ishirini na mbili!" Kamusi akapiga kelele.

"Na kupiga kelele ni wa ishirini na tatu," akasema Mama Malkia. "Piga, binti. Weka sauti kubwa, tusikie sote."

Simu ikaita. Ikaita. Ikaita tena. Dakika saba zimebaki. Hatimaye sauti nzito ikajaa ukumbi.

"Haloo! Wewe mtoto, uko wapi?"

"Shikamoo, baba. Niko..."

"Marahaba. Mwiko wangu uko wapi? Nimeamka, mwiko hakuna! Nina lipu ya jirani inanisubiri, nimechanganya ndoo nzima, sasa inakauka kwa ajili yako!"

"Baba, nisikilize. Nataka kujua mwiko wetu ni upi."

"Si huo ulioiba?"

"Sio huu, baba! Mwiko wa ukoo!"

"Ndio huo huo wa ukoo! Ulikuwa wa babu yako!"

Stoo akainamisha kichwa mezani. Kamusi akafunga macho na kusogeza midomo, nadhani alikuwa anasali.

"Baba," Fundi akasema taratibu, sauti ikimtetemeka sasa. "Niko mbele ya Mama Malkia. Wanataka nitaje jambo ambalo sisi hatulifanyi. Tuliloachiwa na wazee. Nisipolitaja kabla ya kengele ya saa sita, basi tena. Stoo ndiyo simpati."

Mzee alikuwa anampenda Stoo. Mtu anayejua kutandika mbao chini ya simenti si wa kumpoteza hivi hivi.

"Aa," akasema mzee. "Mwiko wa namna hiyo. Sasa si unaujua? Siku ya kwanza nilipokushikisha chuma nilikwambia nini?"

"Uliniambia nisikuangushie mguuni."

"Baada ya hapo."

Fundi akafikiri. Dakika tatu. Alikuwa na miaka kumi na moja siku hiyo, amesimama kwenye jukwaa la mbao, mbele yao ukuta wenye ufa. Alichota lipu akataka kuuziba, baba akamdaka mkono. Akakumbuka.

"Hatupaki lipu juu ya ufa," akasema.

"Ehee! Sema na mengine."

"Ufa kwanza unafunguliwa. Unasafishwa. Unatafutwa chanzo chake. Ndipo unazibwa."

"Babu yako aliacha kazi tatu zenye malipo mazuri kwa sababu wenye nyumba walitaka ufa ufunikwe tu ili wageni wasiuone. Huo ndio mwiko wetu. Mama Malkia, kama unanisikia, nathibitisha mimi, mzee wa ukoo, na ukoo wenyewe ndio sisi wawili."

"Nakusikia, mzee," akasema Mama Malkia. "Binti, utamke rasmi."

Fundi akasimama wima kama amepimwa kwa timazi. "Mwiko wa kwetu: hatupaki lipu juu ya ufa."

Ngoooo! Kengele ya saa sita.

Stoo akaruka kitini. Kamusi akapangusa jasho kwa karatasi ya itifaki. Shangazi Mkuu peke yake hakusogea.

"Mwiko wa mafundi!" akasema. "Ndoo na kokoto! Hivi ndivyo nyumba ya kaka yangu..."

"Nani huyo anayeongea hapo?" simu ikauliza ghafla.

"Ni shangazi yake Stoo, baba."

Upande wa pili kitu cha chuma kikaanguka kwa kishindo.

"Huo ukumbi una madirisha matatu ya duara?"

"Ndiyo, baba. Kwani umewahi..."

"Nakuja."

"Baba, usije! Mambo yamekwisha, tumeshinda!"

"Nafuata mwiko wangu," akasema mzee, akakata.

Mama Malkia akaweka kikombe chini. "Mwiko umepokelewa. Na kwa desturi yetu, mwiko wa mchumba ukishapokelewa ni mwiko wa nyumba nzima. Sivyo, Kamusi?"

"Ndivyo, Mama Malkia."

"Basi binti, nikuulize. Tangu uingie humu hujanitazama mimi hata mara moja. Unatazama nyuma yangu. Kuna nini?"

Fundi akaona haya. "Nisamehe, Mama Malkia. Ni mazoea ya kazi. Kuna ufa."

Wote wakageuka. Kwenye ukuta wa mbele ilitundikwa picha kubwa ya marehemu Mfalme, na chini ya fremu yake ulichungulia ufa mwembamba kama unywele, ukiteremka mpaka karibu na sakafu.

"Ah, huo," akasema Mama Malkia. "Kila mwaka unapakwa lipu, kila mwaka unarudi. Mwishowe tukaufunika na picha."

"Ufa unaorudi kila mwaka una kitu nyuma yake."

"Sasa ataanza kutubomolea!" Shangazi Mkuu akacheka, na kicheko chake hakikuwa kizuri. "Haya, fundi. Vunja! Tena mbele yetu sote. Ukikuta kitu nyuma ya ukuta huo, nitakuita mkwe kwa mdomo wangu mwenyewe. Usipokuta kitu, utatoka kwa mlango wa jikoni na hutarudi. Unakubali?"

Stoo akasema, "Shangazi, si haki, ameshataja mwiko wake!"

Fundi akasema, "Nakubali."

Angefanyaje? Angekataa, angekuwa amefunika ufa dakika tano baada ya kuutaja mwiko. Isitoshe alikuwa na kichwa kigumu, na hilo mmelijua tangu sehemu ya kwanza.

Fundi hatembei na mwiko peke yake. Chini ya mkoba kulikuwa na nyundo ndogo na tindo. Stoo akavua picha ya baba yake ukutani, akaiegemeza kwa heshima, kisha akapiga magoti kando ya mchumba wake, ameshika sinia la chai kukinga vifusi.

"Koti lako," Fundi akamnong'oneza.

"Litafuliwa. Ukifukuzwa naenda na wewe. Nitabeba simenti."

"Utatandika mbao chini?"

"Nitatandika."

Fundi akatabasamu licha ya hofu. Akagonga ukuta kwa mpini wa nyundo, akisogea kidogo kidogo. Ko, ko, ko. Kushoto ukajibu kwa uzito. Juu, kwa uzito. Hapa katikati, karibu na ufa, ukajibu kama mtungi mtupu.

Akaweka tindo. Akapiga mara moja, mara ya pili. Lipu ikabanduka kipande kama sahani, ikaangukia sinia.

Hakuna kitu. Matofali matupu.

"Mlango wa jikoni," akasema Shangazi Mkuu, "ni ule wa kijani."

Fundi alikuwa amekodolea macho tofali moja lililogeuzwa kichwa mbele, viungo vyake vya saruji vimejazwa kwa namna anayoijua kama anavyojua mkono wake mwenyewe. Amefundishwa kujaza hivyo hivyo. Akalichomoa tofali. Akaingiza mkono mpaka kiwikoni.

Akatoa mkebe wa biskuti.

Mkebe wa bati, wenye maua mekundu kifunikoni, umeshika kutu pembeni. Stoo akashangilia. Mama Malkia akainua nyusi zote mbili, jambo ambalo kasri halijaliona tangu mazishi. Halafu kukasikika kishindo.

Shangazi Mkuu alikuwa amekaa. Amekaa kabla ya Mama Malkia kumruhusu, amekaa bila kuvutiwa kiti, juu ya kasha la mbao lililokuwa karibu. Miiko miwili kwa mpigo, na Kamusi hakuthubutu kuihesabu.

"Mkebe wangu," akasema kwa sauti ndogo.

"Wako, wifi?"

"Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Kulikuwa na fundi kijana aliyepiga lipu ukumbi huu. Mpini wa mwiko wake ulipasuka, nikachana kipande cha mtandio wangu nikaufunga. Wa buluu." Hakuutazama mwiko mezani. Hakuhitaji. "Nikamwandikia barua. Sikuwa na ujasiri wa kumpa mkononi tu hivi, nikaitia katika mkebe, nikamwambia, 'Hiki ni chako. Kiweke mahali salama.' Nikangoja jibu. Kazi ikaisha, akaondoka. Miaka thelathini na miwili nimejua kwamba aliisoma akacheka na mafundi wenzake."

Fundi akafungua mkebe. Bahasha ilikuwamo. Imeandikwa "Kwa Fundi". Gundi yake haijawahi kuguswa.

"Shangazi," akasema polepole, "mwashi ukimwambia aweke kitu mahali salama, yeye anajua mahali pamoja tu penye usalama."

"Wapi?"

"Ukutani."

Shangazi Mkuu akajifunika uso kwa viganja. Mabega yakatetemeka, na hakuna aliyejua kama analia au anacheka, hata yeye sidhani alijua.

Mama Malkia akampa leso. Lakini Mama Malkia ni Mama Malkia.

"Wifi, uliahidi neno."

"Mkwe," ikasikika kutoka nyuma ya leso.

"Sijasikia."

"Mkwe! Mkwe! Basi!"

"Uchumba umekubaliwa," akasema Mama Malkia. "Tarehe ya harusi itatangazwa leo alasiri."

Stoo akamnyanyua Fundi juu juu, vumbi na vyote, koti jeupe likawa la rangi ya njia. Fundi akacheka, akamwambia amshushe, akamwambia asimshushe. Ningeweza kuishia hapa, tukaagana kwa furaha, kila mtu akaenda kupika.

Ila mlango ukagongwa. Mlinzi wa geti akachungulia.

"Mama Malkia, samahani. Kuna mzee hapa ana ndoo. Amekuja kwa pikipiki. Anasema amefuata mwiko wake."

"Mlete," akasema Mama Malkia. "Na ndoo yake."

Akaingia mzee mfupi, imara, suruali ina madoa ya chokaa magotini. Akasalimia kila mtu kwa mpangilio, akaanzia kwa Mama Malkia, akaishia kwa Kamusi. Kisha akaona ukuta.

"Nani kafungua hapa?"

"Mimi, baba."

"Kazi safi. Hukupasua tofali la jirani." Akaona mkebe. "Aa, kumbe bado kipo! Niliambiwa nikiweke mahali salama. Niliziba kwa mchanganyiko wa..."

Hapo ndipo alipomwona Shangazi Mkuu, na maneno ya saruji yakamwishia. Wakatazamana. Shangazi Mkuu alikuwa amesimama tena, leso imefichwa, mtandio umenyooshwa haraka haraka.

"Hukunijibu," akasema.

"Hukuniuliza kitu."

"Niliandika!"

"Wapi?"

Fundi akamnyooshea baba yake bahasha. Ilikuwa yake. Fundi aliyeandikiwa ni yeye. Mzee akaipokea kwa vidole vizito, akaigeuza, akajipapasa mfuko wa kushoto, wa kulia, wa shati.

"Miwani," akasema. "Nimeiacha juu ya mfuko wa simenti." Akaichana bahasha kwa uangalifu, akatoa karatasi, na bila kufikiri mara mbili akampa mwenye mwandiko. "Macho yangu yamechoka. Hebu nisomee."

Ukumbini mtu mmoja tu alikuwa hatazami barua. Kamusi. Alikuwa amefungua kitabu cha miiko, kidole kinashuka ukurasa wa kwanza, kikasimama. Akamvuta Fundi mkono.

"Mwiko wa tisa," akanong'ona. "Nyumba moja haiunganishwi na nyumba yetu kwa ndoa mbili. Binti, wa kwanza kutamka ndiyo mbele ya Mama Malkia ndiye mwenye ndoa. Wewe na Mwanamfalme bado hamjaulizwa. Mnaulizwa alasiri, tarehe ikitangazwa."

Kicheko cha juzi juu ya kitabu kile kikamrudia Fundi. Labda baba naye. Akamtazama Stoo, Stoo akamtazama yeye, na rangi ikawatoka wote wawili kwa pamoja. Yule aliyemwita mkwe dakika kumi zilizopita angeweza, kabla ya chai kupoa, kumwita mwanangu.

Shangazi Mkuu alivaa miwani. Sauti yake, iliyotisha wapishi kwa miaka thelathini, ilitoka kama ya msichana.

"'Fundi. Sijui kuzunguka, kwa hiyo nakuuliza moja kwa moja, nawe unijibu ndiyo au hapana. Je...'"

"Baba, usijibu!" Fundi akapiga kelele.

"Ndiyo," akasema mzee.